Wageni wa Van Nyeupe

Kama hujawahi kufunikwa leso tatu mchana wa Novemba ndani ya gereji ya mabati kule Minto, Sydney, usiniambie lolote kuhusu joto. Tulikuwa wanawake watano kwenye mstari, tumekaa kwenye viti vya plastiki, tumegubikwa kutoka utosini hadi vifundoni. Mimi nilikuwa wa tatu. Amri ya Shangazi Cheryl ilikuwa moja: bibi harusi mtarajiwa hasemi, hasogei, hapigi chafya. Anangoja bwana apite mbele ya mstari, akisie mchumba wake ni yupi, amfunue, watu washangilie. Kwa anayetazama ni mchezo mtamu sana. Chini ya leso unaona sakafu tu, na viatu vya watu wanaopita.

"Jeru," akanong'ona Chebet kushoto kwangu. "Uko hai?"

"Niko."

"Mimi nishaiva upande huu. Waje wanigeuze."

Chebet ni muuguzi mwenzangu katika hospitali ya Westmead, na katika gereji ile nzima ndiye pekee aliyejua kwamba sikutaka kuwa pale. Alijua kwa sababu wiki nzima nilikuwa nikimlilia kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Bado unaweza kusema hapana," akasema.

"Niseme vipi? Mama yuko kwa laptop."

Mama alikuwa kwenye laptop kweli, juu ya stuli iliyotandikwa kitambaa, mbele ya watu wote. Kule Nkubu, Kenya, ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa ameamka, ameoga, amefunga kitambaa chake cha kanisani, na amewaita majirani wawili waje kushuhudia. Unawezaje kumwambia mtu aliyevaa kitambaa cha kanisani saa hiyo kwamba arudi kulala?

Isije ikaonekana kwamba nilifungwa kamba. Hakuna aliyenishika kwa nguvu. Gitonga ni injinia wa barabara, mpole, nadhifu, mtu anayemshukuru hata anayemwekea kahawa mezani. Tulikunywa kahawa hiyo mara sita. Shangazi akaniuliza, "Ni kijana mzuri, sivyo?" Nikasema ni mzuri. Kesho yake nikasikia mama ameshaambiwa. Wiki iliyofuata wazee wa Gitonga wakapigiwa simu. Mwezi uliofuata ikapangwa tarehe. Sikuwahi kusema ndiyo. Taabu ni kwamba sikuwahi kusema hapana, na kwetu kunyamaza ni jibu.

Nilinyamaza kwa sababu ya Shangazi. Nilipofika Sydney miaka sita iliyopita na begi moja, yeye ndiye aliyenipokea katika nyumba hii hii ya Minto. Alinipa chumba chake, akalala sofa miezi minane huku akienda kuwaogesha wazee kwenye makao yao kila alfajiri. Hakulalamika hata siku moja. Mtu aliyekulalia sofa miezi minane, unamkatalia kwa mdomo gani?

Na kulikuwa na Rufus. Jina hilo nilikuwa nimelikataza lisitajwe.

Rufus Omollo hupiga gitaa la besi katika bendi ya Waingereza. Amezaliwa Luton, mama yake akiwa mtu wa Kisumu, na Kiswahili alichofundishwa nyumbani ni cha amri: njoo, kula, wacha, lala. Nilikutana naye miaka mitatu iliyopita, bendi yao ilipokuja kupiga Sydney na mpiga ngoma wao akaruka kutoka jukwaani akavunjika kifundo cha mkono. Huyo mpiga ngoma alilazwa wodini kwetu. Rufus akalala kwenye kiti kando ya kitanda siku tatu. Siku ya kwanza alinifuata kwenye korido akasema, kwa heshima zote za dunia, "Sister, samahani, mimi natafuta choo." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilianza kumpenda hapo hapo, na ole wangu.

Miaka miwili tulipendana kwa simu, nikimfundisha Kiswahili kilichobaki, na mara mbili alikuja. Kisha mwezi wa nne mwaka huu akaahidi kuja kujitambulisha kwa Shangazi. Nilipika mukimo, viazi na mahindi ya kupondwa pamoja. Shangazi alivaa gauni jipya. Tulikaa mpaka mukimo ukakauka juu, na Rufus hakuja. Ujumbe uliingia jioni: alikuwa Ujerumani na bendi. Nilimfuta kwenye simu usiku huo. Moyoni nilishindwa.

Basi nilikuwa natafakari mukimo ule ule uliokauka niliposikia honi nje, na sauti ya Déborah ikipaa juu ya sauti zote.

"Bageni bamefika! Van nyeupe! Mama Cheryl, bageni bamefika!"

Déborah ni Mkongomani wa Bukavu, anafanya kazi na Shangazi, na kwa vigelegele hana mpinzani katika jimbo zima la New South Wales. Alikuwa amepewa kazi ya mlangoni. Hakuwahi kumwona Gitonga. Aliambiwa jambo moja tu: wakwe watakuja na van nyeupe ya kukodi.

Wanawake wakatoka mbio kuwapokea. Nilisikia nyimbo, makofi, miguu ikikanyaga njia ya gari, kisha kikundi kizima kikaingia gerejini kikichezeshwa. Viti vikaburutwa. Mzee Wainaina akapiga maikrofoni kwa kidole. Yeye ni Mkikuyu, lakini ndiye husimamia shughuli zote za Wameru wa Sydney, maana maikrofoni ni yake.

"Karibuni wakwe, karibuni! Mbona wachache? Wengine wako nyuma? Hakuna shida. Wapeni uji kwanza, safari ni ndefu."

Nikasikia vikombe vikigawiwa. Nikafumba macho. Ndiyo basi, nikajiambia, imeanza, na haina pa kutokea.

"Jeru," akanong'ona Chebet, ambaye leso yake ilikuwa nyepesi kuliko yangu. "Gitonga ako na tattoo?"

"Nini?"

"Ya shingo. Na kuna msichana mzungu wa nywele ya kijani amekunywa uji yote, anaomba ingine."

"Chebet, acha utani."

"Naapa."

Hapo mtu akasema kwenye maikrofoni, kwa sauti nene yenye aibu, "Asante sana. Sisi iko na furaha. Hatukujua mnatungojea."

Sauti ile ningeitambua hata ningekuwa nimefunikwa magodoro kumi. Moyo wangu, mjinga yule, ukaruka kwa furaha kabla sijaupa ruhusa.

Wakati huo huo mlango wa jikoni ukafunguka. Shangazi alikuwa ndani akizungumza kwa simu na kina Gitonga, ambao walikuwa wamekwama kwenye barabara kuu ya M5.

"Nyinyi ni akina nani?" akauliza.

Viatu vyake vikageuka.

"Wainaina, hawa ni akina nani?"

"Si ni wakwe?"

"Wakwe wako kwa jam hapo Liverpool ya Sydney! Hawa umewatoa wapi?"

"Cheryl, wameimbiwa na Déborah."

"Banafika na van nyeupe," akajitetea Déborah. "Munasema van nyeupe. Kuko mweusi moja ndani, njo nikajua ni yeye bwana."

"Auntie," ikasema ile sauti nene. "Samahani. Mimi ni Rufus. Nilikuwa nikuje mwezi ya nne."

"Rufus wa mukimo?"

"Ndiyo, Auntie."

"Toka."

"Cheryl," akaingilia Wainaina, "wameshakunywa uji."

"Wanyang'anye!"

"Uji ulioshuka nitaunyang'anyaje?"

Kicheko kikawatoka wanawake wawili watatu, kikakatika haraka. Nadhani Shangazi aliwatazama. Kisha kutoka kwenye laptop ikasikika sauti ya mama, ikikwaruza kwa ajili ya mtandao.

"Cheryl. Huyo kijana amekunywa?"

"Amekunywa, lakini kwa makosa, dada. Si yeye."

"Umempa kiti?"

"Amepewa."

"Basi mwacheni aseme kilichomleta, halafu aende zake. Mtu hafukuzwi na uji mdomoni. Usinitie aibu mbele ya majirani."

Nilisikia viatu vya Shangazi vikija, vikipita nyuma ya mstari, vikasimama nyuma yangu. Kisha mkono wake ukatua begani kwangu juu ya leso, mzito.

"Tulia," akaninong'oneza. "Usithubutu."

Nikatulia. Mbele nina leso tatu, nyuma nina mkono wa Shangazi, kando stuli yenye mama. Ningepumulia wapi?

"Haya, kijana," akasema Wainaina. "Simama. Sema wewe ni nani, watu wako ni akina nani, mmetoka wapi, na mmekuja kutafuta nini. Sema kwa ufupi."

Rufus akakohoa. "Baba yangu simjui. Mama yangu alikufa, miaka tano sasa. Watu yangu ni hawa. Huyu ni Pip, anapiga ngoma. Huyu ni Tariq, anaimba. Hiyo tu."

"Hao ndio ukoo wako?"

"Ndiyo. Miaka kumi na tano."

"Na ukoo huu unaitwaje?"

Nikauma leso. Nilijua linalokuja.

"Bin Day," akasema Rufus.

"Bin Day? Maana yake?"

"Ni... siku ya kutoa takataka."

Gereji ikalipuka. Minto kila mtu anajua siku ya takataka. Usipotoa pipa Jumatatu jioni, unakaa na harufu yako wiki nzima. Nilisikia Chebet akitikisika kwenye kiti chake. "Siku ya Takataka!" akasema Shangazi juu ya kichwa changu. "Yesu wangu. Ndio wanakuja kunichukulia mtoto."

"Mmejiitaje hivyo, kijana?" Wainaina mwenyewe alikuwa anazuia kicheko.

"Tulikuwa na miaka kumi na sita. Hatukuwa na mahali ya kupiga muziki. Kanisa ikatupa store yao, ile ya mapipa. Lakini Jumatatu jioni tu, because hiyo ndiyo siku mapipa yanatolewa nje, so kunapatikana nafasi ya drums. Kila Jumatatu tunatoa mapipa ya kanisa, tunaingia sisi."

"Kumbe mlikuwa mnasaidia kanisa," akasema mwanamke mmoja, amelainika kidogo.

"Usimlainikie," akasema Shangazi.

Hadithi hiyo nilikuwa naijua yote. Nilikuwa nimeisikia kwa simu vipande vipande, mimi nimejifunika blanketi, yeye yuko kwenye basi la bendi mahali fulani. Muziki wao ni ule wa gitaa za mbio, wa kurukaruka, ambao watu wazima hulilia nao wasichana waliowakataa sekondari. Mimi naupenda. Sikuwahi kumwambia Shangazi.

"Tulikuwa wanne," Rufus akaendelea. "Dale aliimba mwanzo. Show ya kwanza ilikuwa birthday ya dada yake Tariq. Watu arobaini, na aliyepiga makofi ni nyanya yake peke yake."

"She was deaf," akasema mwanamume mwingine, bila shaka Tariq.

"Alikuwa kiziwi, ndiyo. Tukapata van. Miaka minne tulilala ndani ya van. Tukarekodi wimbo kuhusu mtu anangojea msichana kwa bus stop na msichana haji. Tulidhani ni wimbo mbaya. Watu ya huku Australia wakaupenda sana, sijui kwa nini. Tukaanza kuitwa kwa sherehe kubwa, watu elfu ishirini wanaimba. Mimi nilikuwa naangalia, nasema, hawa wote wameachwa kwa bus stop?"

Mtu akacheka. Wengine walikuwa wameacha kunong'ona.

"Halafu album ya pili ikaanguka. Kampuni ikatuacha. Dale akatupigia simu kutoka airport, akasema hapandi ndege, anaenda kuuza nyumba. Tuko na mabegi mkononi. Nikaenda kubeba parcel kwa warehouse. Pip akaenda kupika kwa shule. Miaka mbili hakuna anayetupigia. Lakini Jumatatu jioni, kila Jumatatu, tulirudi kwa ile store. Tunatoa mapipa, tunapiga, tunarudisha mapipa. Hakuna mtu anasikia."

"Woiye," akasema Déborah, ambaye neno hilo amejifunza kwetu.

"Mama yangu alikufa hiyo wakati. Hawa ndio walibeba jeneza. Tariq alipika wali ya watu wote, aliunguza yote. Ndiyo nasema ni watu yangu. Baadaye tukatoa album ya tatu, sasa tunapiga tena. Leo jioni tuko Newtown. Ukumbi imejaa. Hiyo ndiyo sisi."

Mkono wa Shangazi ulikuwa bado begani kwangu, lakini nilihisi vidole vikicheza kidogo.

"Umeeleza ukoo," akasema Wainaina, sasa bila mzaha. "Umekuja kutafuta nini?"

"Nilikuja kuomba msamaha. Mwezi ya nne bendi kubwa ilitaka tuwafungulie show Ujerumani. Nilikuwa nichague huko ama hapa. Nilichagua Ujerumani. Hakuna mtu alinilazimisha. Nilikosea, na nilijua nakosea nikiwa kwa ndege." Akavuta pumzi. "Sikujua leo ni siku ya mwingine. Auntie, naapa kwa mama yangu, sikujua."

"Sasa unajua," akasema Shangazi.

"Sasa najua. Na najua yuko kwa hii mstari."

Nikasikia hatua zake. Nikainamisha macho kwenye upenyo mdogo kati ya leso na sakafu. Viatu vya turubai, vyeusi, vimechakaa. Kimoja kina kamba nyeusi, kingine nyeupe, ndivyo anavyovaa tangu ana miaka kumi na sita. Vikapita mbele ya mwanamke wa kwanza. Vikapita mbele ya Chebet. Vikafika mbele yangu, vikasimama; mkono wa Shangazi begani ulikuwa umeshanitaja.

Nilikuwa na hamu ya kunyoosha mkono niguse tu kamba ile nyeupe. Mkono ulikuwa chini ya leso tatu. Shangazi alinibana bega hadi mfupani.

"Simfunui," akasema Rufus, polepole, na nilijua anasema nami. "Mimi si mwenye haki. Nilichelewa. Lakini nisikie kitu moja. Nimekodi chumba Bankstown, juu ya duka ya mkate. Kuanzia Januari. Niliwaambia hawa tukiwa Brisbane, bendi itafanya kazi na mimi niko huku, ama itafanya bila mimi."

"He did," akasema Pip. "We cried. Well, Tariq cried."

"Chumba nimelipia kabla sijajua kama utanijibu. Ukinitaka, niko. Usiponitaka, nitakula mkate yangu." Viatu vikageuka. "Asante kwa uji, Auntie. Ni tamu."

Vikaondoka, kamba nyeusi, kamba nyeupe. Nilifungua mdomo.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," akaninong'oneza Shangazi sikioni, haraka haraka. "Gitonga ni wa kukaa, Jeru. Huyu hata akikodi ghorofa nzima, ni wa kupita. Nimewaona wengi. Nyamaza tu, mwanangu. Nakuomba."

Angenifokea ningepata nguvu. Aliniomba. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na katika miaka sita sikuwahi kumsikia Shangazi akitetemeka. Nikafunga mdomo.

Nje ikalia honi. Ndefu, ya furaha, ya watu waliofika baada ya kukaa kwenye foleni saa nzima.

"Baingine tena!" akapiga kelele Déborah. "Van nyeupe ingine! Niimbe ao nisiimbe?"

"Imba!" akasema Shangazi.

Wakaimbiwa na wao. Safari hii nyimbo zilikuwa na wasiwasi ndani yake. Viatu vilivyong'arishwa vikaingia, vingi, vya wazee. Uji ukagawiwa tena. Nikawa namngoja Rufus aondoke, nisikie injini ikiwaka, yaishe. Badala yake nikasikia viatu vya turubai vikirudi mlangoni.

"Samahani sana," akasema. "Hatuwezi kutoka. Van yao iko nyuma ya yetu."

Hakuna aliyejua acheke au alie. Njia ya gari ya Shangazi ina ukuta upande huu na ua upande ule. Gari la mbele halitoki mpaka la nyuma lisogee.

"Kaeni pale mwisho, kando ya mapipa," akaamua Wainaina, aliyechoka. "Tumeshaanza, hakuna anayetoka sasa. Tumalize kwanza."

Ndivyo Siku ya Takataka ilivyokalishwa kando ya mapipa ya Shangazi kushuhudia nikiozwa. Hakuna aliyepanga hivyo.

Wazee wa Gitonga wakajitambulisha. Ukoo wao ulikuwa na baba, babu na baba wa babu, na kila mmoja alikuwa na jambo jema la kusemwa. Niliwasikiliza kwa mbali. Kisha Gitonga akaitwa aje atafute mchumba wake, na wanawake wakaanza kumtania: ataweza? Hataweza? Akikosea je?

Hakukosea. Viatu vyake vilikuja moja kwa moja, havikusimama kwa wa kwanza wala kwa Chebet. Leso zikanitoka kichwani zote kwa pamoja, mwanga ukanipiga usoni, hewa ikaingia. Vigelegele. Gitonga alikuwa mbele yangu na suti yake ya kijivu, uso umejaa furaha ya kweli. Akainama.

"Auntie alinitumia message," akaninong'oneza, akitabasamu. "Wa tatu."

Alidhani itanifurahisha. Masikini Gitonga, hakuwa na hila. Lakini nilipotazama ile gereji, watu wote wakinitazama kwa tabasamu, niliona kwamba kila mmoja alikuwa ameambiwa siku hii inakwendaje, na mimi peke yangu ndiye sikuwa nimeulizwa. Nikatazama mwisho kabisa. Rufus alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya pipa la kifuniko cha manjano, kikombe mikononi, macho chini. Hakuinua uso. Alikuwa ananiachia nafasi, na nilimpenda kwa hilo kuliko kwa maneno yake yote. Nilimpenda nikiogopa. Sikujua kama atakaa. Nilijua tu kwamba nikinyamaza sasa, nitanyamaza maisha yangu yote.

Wainaina akainua kibuyu cha uji. "Jerusha binti yetu. Wageni wamekuja, umewaona. Hatuwezi kuonja kibuyu hiki bila wewe. Nauliza mara ya kwanza. Tunywe?"

Katika shughuli zote nilizowahi kuhudhuria, swali hilo huulizwa kwa mzaha, na jibu hupigiwa vigelegele kabla halijatoka. Déborah alikuwa ameshavuta pumzi.

"Gitonga," nikasema. "Wewe ni mtu mzuri. Niliposema hivyo sikukosea. Nilikosea kunyamaza baada ya hapo."

Tabasamu lake likabaki usoni kidogo, halina pa kwenda.

"Jerusha!" Shangazi.

"Auntie, ulinilalia sofa miezi minane. Nikipewa maisha mengine nitakulalia wewe sofa, na sitasema nimechoka. Lakini hili siwezi kukulipia nalo."

Akaweka mkono mdomoni. Kwenye laptop mama naye aliweka mkono mdomoni vile vile. Utadhani ni ndugu wa tumbo moja. Mzee mmoja wa Gitonga akasimama nusu, akakaa tena.

Wainaina akanitazama juu ya miwani. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini desturi aliijua.

"Nauliza mara ya pili. Tunywe?"

"Msinywe, Baba."

"Jeru, mama yako anakutazama," akasema Shangazi, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. Yalinichoma. Nilitaka kukimbia nimkumbatie, na nilijua nikimkumbatia nitasema ndiyo.

"Nauliza mara ya tatu, na ndiyo ya mwisho," akasema Wainaina, sauti chini. "Mbele ya mama yako na wazee hawa. Una neno gani?"

Nikatazama nje, kwenye njia ya gari, zile van mbili nyeupe zilizobanana pua kwa mkia kwenye jua.

"Mwenye van ya nyuma," nikasema, "naomba aisogeze, tutoke."

Hakuna aliyesogea. Wazee walitazamana. Mwisho Gitonga, ambaye bado alikuwa ameshika leso zangu, akazikunja. Alizikunja vizuri, kona kwa kona, kama anavyofanya kila kitu, akaniwekea mikononi. Kisha akajipapasa mfukoni.

"Ni mimi ninayeiendesha," akasema, akatoa funguo, akatoka nje.